Mguu wa Nta

...wa kushoto, ndiyo, wa kushoto, sikukosea, maana mjomba alipoanguka kutoka kwenye mkuyu na mzinga mikononi alitua upande wa moyo, mama akasema afadhali mguu kuliko moyo, na mjomba mwenyewe akacheka huku meno yamemkaza kwa maumivu na nyuki wanamzunguka masikioni, na tangu siku ile anatembea hivyo, bega moja linashuka, wayo unatazama nje, ukimwona kwa mbali unadhani anataka kukaa chini kisha anaghairi, na mguu huo huo nimeushika sasa kati ya gumba na kidole, mdogo, mwembamba, mguu wa nta iliyokandwa juu ya kipande cha waya, na Bwana Mluzi amesema, "Umemaliza, Mhina? Vizuri. Mlete ndani. Muweke mahali pake," nami nimeinuka mkekani pale barazani, nimepangusa nyayo, nimeingia, nimefika mezani, nimenyoosha mkono juu ya meza, na hapo mkono umegoma, uko hewani, haushuki wala haurudi, na Bwana bado hajaona kitu, anapangusa miwani yake kwa ncha ya shati, anapiga mluzi wake, na nyuma yangu shaushi Rehani, mkubwa wa askari, anapumua kwa pua, ana mafua tangu juzi, kila pumzi inapiga filimbi kidogo, hawa watu wawili wote wanapiga mluzi, mmoja kwa mdomo mmoja kwa pua, na mimi katikati na mjomba wangu mkononi...

Sijawahi kuingia chumba hiki, tangu nianze kazi hii bomani mahali pangu ni barazani, mkeka, kisu, tupa, jiko la makaa, kikombe cha nta, na kila nikimaliza kijitu kimoja Bwana hutoka mwenyewe, huinama, hukigeuza juu chini kama anayenunua kuku, kisha hukichukua na kuingia nacho, na yule mzungu wa shamba la mkonge akija kutoka Korogwe na nyumbu wake nasikia dadu zinagonga meza, nasikia vicheko, viti vinaburuzwa, mmoja anapiga kelele ya furaha na mwingine analaani kwa lugha yao, nikajiambia wanacheza, na wao wana bao lao, sisi tuna kete wao wana watu wa risasi, risasi ile laini inayoyeyuka kwenye kijiko, wacha wacheze, mtu mzima akicheza hapigi watu... ndivyo nilivyojiambia, na leo ndiyo nimeliona bao lenyewe, ni mlango mpana uliolazwa juu ya mapipa, wameumwagia mchanga, wameulowesha, wameufinyanga vilima, na kilima cha katikati kina jiwe lililopasuka, hawakupasua vizuri, ufa wao umekwenda kombo, lakini ni ufa ule, na uzi wa buluu unaopita chini yake ni kijito chetu, na virundo vya majani makavu ni nyumba, nyumba ya Bibi Tatu, nyumba ya mama ambayo sasa ina popo tu, na mistari iliyochorwa kwa kidole ni njia, hii ya mbuzi, hii ya kisimani, ni Sindeni, ni kwetu kabisa, ni kile kitongoji chetu nyuma ya kilima, nani aliwapa vilima vyetu, lo, yule mzungu wa kupima ardhi, yule aliyepita na mafimbo yake ya rangi mbili, tukambebea maji, watoto wakamfuata wakiimba, akatutazama kwenye kile chuma chake chenye miguu mitatu na sisi tukakaa vizuri tukidhani anatupiga picha.

Lakini mzungu wa kupima alichukua vilima tu... watu hakuwachukua. Watu waliosimama kwenye mchanga huu nimewatengeneza mimi, na najua nilivyowatengeneza, najua kila mmoja alikuwa nani kule Ulaya kabla hajawa nani hapa, maana walikuja ndani ya sanduku la mbao lililojaa maranda, wameshuka Tanga, wakapanda gari la moshi mpaka Korogwe, wakabebwa kichwani mpaka huku Handeni, na Bwana alipolifungua uso ulimng'aa mpaka nikamwonea huruma, akanionyesha, wote weupe, mashavu mekundu, makoti ya buluu, kofia zenye mwiba juu, wapiga ngoma, wabeba bendera, wapanda farasi, akasema, "Hawa wa kwetu hawanifai. Nataka askari wangu, nataka na watu wa huku. Unaweza?" nami ningesema nini, siku ile nilikuwa nimetoka barabarani Mkata na malengelenge ya mawe viganjani, na kilichonileta mbele yake kilikuwa kosa langu la mkono usiotulia, wakati wa mapumziko nilikuwa nimefinyanga udongo wa mtaroni nikamtoa shaushi Rehani, tumbo lake, mkanda wake chini ya tumbo, shingo iliyozama mabegani, wenzangu wakacheka mpaka wakamwaga maji ya kunywa, na Rehani akaja nyuma yetu na kiboko, akakiona, akakishika, akakitazama sana, nikasema leo ngozi yangu imekwisha, kumbe akakifunga kwenye kitambaa akaja nacho bomani kwa mkono wake, na Bwana alipokiona alicheka akamtazama Rehani, akacheka tena, nikaepukana na mawe, nikaepukana na kiboko, nikapewa kivuli na uji wenye sukari. Nilijiona mjanja, ee Mola, jinsi nilivyojiona mjanja.

Na kazi ilinipendeza, nitajidanganya kwa nani, ilinipendeza kuliko chochote nilichowahi kufanya kwa mikono hii, kuikata miiba ya kofia zao kwa tupa taratibu ili shingo isivunjike, kisha kuwavika tarbushi ya nta iliyokandwa kwa masizi, na nyuma ya shingo kitambaa kidogo kilichobandikwa kwa ulimbo, koti la buluu nikalipaka udongo na ulimbo likawa kaki, mashavu nikayafuta yale mekundu, ngozi nikaipaka rangi ya gome la mkarati, na bunduki nikawaachia kama zilivyo, na hao ndio askari, wamejipanga pale kwenye ukingo wa meza kwa safu, wazuri, wazuri kabisa, Mungu anisamehe. Farasi mmoja nikamgeuza punda kwa kumwongezea masikio na kumpunguzia kiburi cha shingo, Bwana akapiga makofi. Na watu wa huku, hao walinihangaisha, maana Mzungu wa risasi amesimama kama gogo, huwezi kumpaka rangi tu ukasema ni Mzigua, hapana, lazima umkate kiunoni umwinamishe, umkate magoti umchuchumaze, umkate mkono wenye upanga umpe mkono wa nta wenye jembe, mshale wa mwiba wa mgunga, ngao ya kipande cha kibuyu, na juu ya yote lazima umjue, maana mjomba ndiye aliyenifundisha kufinyanga, kule jandoni, sanamu za udongo wanazoonyeshwa wari, vijana wanaofundwa, na alisema mkono haufinyangi mtu wa bure, mchague mtu unayemjua, mweke machoni, hata ukimpa jina jingine, la sivyo utatoa bonge la udongo lenye pua. Kwa hiyo kila aliyehitajiwa nilimchukua kutoka kwetu. Ningemchukua kutoka wapi.

"Yule wa pembe ndiye wa kwanza," anasema Bwana, haniambii mimi, anamwambia Rehani, ameivaa miwani yake sasa, fimbo yake nyembamba inapita begani kwangu mpaka kwenye kichuguu cha mchanga, "asipate nafasi ya kupuliza," na Rehani anasema, "Ndiyo, bwana mkubwa, watu wangu watapita nyuma," na aliyekaa juu ya kichuguu ni Mbwana, Mbwana mtoto wa shangazi, amechuchumaa na pembe ya swala mapajani, alikuwa mpanda farasi wa Ulaya huyu, nilimtoa farasini kwa maji ya moto na kisu, miguu yake ilikuwa tayari imepanuka ikanifaa kwa kuchuchumaa, na nilipomkamilisha Bwana alichuchumaa mbele yangu barazani akaniuliza kwa upole, kwa heshima hasa, "Huyu nani, Mhina, na anafanya nini?" nami nikamsemea... nilimsemea Mbwana, mimi, kwa mdomo wangu, maana ndivyo ilivyo sheria ya sanamu, sanamu haisemewi kabla haijakamilika, lakini ikikamilika haiachwi bubu, aliyeifinyanga anaishika mbele ya wari na kusema jina lake, ukoo wake, na kazi yake, kila kitu, anapokaa, anachopenda, anachoficha, kwa sababu sanamu isiyosemewa inamgeukia aliyeifinyanga, ndivyo mjomba alivyotuambia na mimi sikuwahi kujaribu kuona kama ni kweli. Wiki ile ya kwanza Bwana aliuliza kabla ya wakati, nikasema, "Bado, bwana, hajakamilika, hasemewi," akashangaa, akataka nimweleze, nikamweleza, akapiga mluzi, na tangu siku ile hakuuliza tena mapema hata mara moja, alisubiri, alileta kiti akasubiri nipake rangi ya mwisho, ndipo akauliza, na mimi nikaona huyu mzungu ana adabu, huyu anaheshimu mambo yetu kuliko Rehani aliyetahiriwa jandoni kama sisi... hakuwa na adabu, alikuwa na subira tu. Ametutega kwa sheria yetu wenyewe.

Nikasema, huyu ni Mbwana, hukaa juu ya kichuguu cha njia ya kisimani asubuhi mpaka jua kali, akiona askari hupuliza pembe na watu huingia porini, nilicheka nilipokuwa nikisema, maana Mbwana hulala pale juu akakoroma, nilisema na hilo. Na Bibi Tatu, yule pale karibu na uzi wa buluu, alikuwa mbeba bendera, nikaikata bendera nikamwekea mtungi kichwani, nikasema huyu ni Bibi Tatu, anapeleka chakula porini kwa waliokimbia kazi ya barabara na shamba la pamba la serikali, mtungi wake haubebi maji, una ugali, na nilisema kwa kumsifu, nilitaka Bwana ajue bibi yetu ni hodari, na sasa amesimama pale pale hasa anapopita, hata mtungi unatazama kule unakotazama. Hakuna mfungwa aliyepigwa kiboko mpaka akayasema haya. Mimi nilipewa uji wa sukari... na nje upepo umeleta harufu ya vitunguu kutoka jikoni, na Hajira hayuko jikoni leo, mke wangu, amefunga kanga zake alfajiri anakwenda kwa mama yake Korogwe, akaniacha nimekaa na kijiko cha nta, nikamwambia ngoja nimalize huyu mmoja, kamebaki kamguu tu, akasema, "Wewe na watoto wako wa risasi," nikacheka, yeye hakucheka, akasimama mlangoni muda mrefu na mzigo kichwani, akasema, "Kama una akili nzuri nifuate kabla jua halijapinda," nikadhani ni hasira, nikadhani ananionea wivu kwa vijitu, asubuhi yote nimekuwa nikimlaumu moyoni, nikisema mwanamke gani anamwacha mume siku anayokamilisha kazi yake nzuri kuliko zote, kumbe Hajira anapika bomani, anaingia na chai humu ndani, ameliona hili bao... ameliona na amekwenda, na hakuweza kuniambia kwa sababu Rehani alikuwa mlangoni akipenga kamasi. Hajira wangu, aliniambia kwa kadiri alivyoweza.

"Kesho alfajiri," anasema Bwana, "kabla ya umande kukauka," na fimbo inarudi kwenye safu ya askari, inaigusa, inaanza kuwasogeza mmoja mmoja kwenye njia ya mbuzi, na ndipo namwona wa mbele. Hana bunduki. Huyu alikuwa mpiga ngoma, nakumbuka, Bwana aliniagiza nimwondolee ngoma na vijiti, nimvue viatu, nimvike kanzu fupi na kofia, asiwe na silaha yoyote, na nilipomkamilisha niliuliza mimi, "Huyu nani, bwana?" maana sikumchagua, nilimfinyanga tu mkono ukienda wenyewe, na Bwana akacheka akasema, "Mtu tu," akamchukua, hakutaka asemewe, ndiye pekee aliyetoka mkononi mwangu bila kusemewa, na ulimi uliniwasha siku mbili. Sasa amesimama mbele ya wote, na shingoni ana uzi mweusi, na ncha ya pili ya uzi imefungwa mkononi mwa askari anayemfuata, na kofia yake ni nyeupe, na ukingo wa kofia ni mwekundu, nilipaka ngeu ukingo ule, kwa nini niliupaka, nani ana kofia nyeupe yenye ukingo mwekundu, Hajira aliishiwa na uzi mweupe akamalizia kwa mwekundu, akasema utavaa hivyo hivyo, na mkono wangu wa kulia uko hewani na mjomba, na wa kushoto unapanda wenyewe taratibu mpaka kichwani, unaigusa kofia, unaupapasa ukingo... mkono haufinyangi mtu wa bure. Ni mimi. Ni mimi nitakayewapeleka, na kamba shingoni, niwaonyeshe jiwe lililopasuka na njia ya mbuzi, niwe wa mbele Mbwana anapokamatwa na mkono mdomoni, wa mbele Bibi Tatu anapouangusha mtungi, na mwisho nimnyooshee kidole mjomba wangu Semboja, wamtundike kwenye mti wa bomani hapa, pale palipo na kamba tayari, na watasema alikuwa anagawa dawa ya maji kama wale wa kusini, na mjomba hakuwahi kugawa dawa yoyote, anagawa asali, anawaficha watu waliochoka, basi.

Nta inalainika. Kidole changu kina joto, chumba kina joto, naisikia inavyoanza kutoa harufu, harufu ya mizinga yake mwenyewe, nta hii ilitoka kwake, niliagiza kwa mchuuzi wa Mkata na mchuuzi aliitoa kwa mjomba, mjomba akaituma akidhani mpwa wake anaziba nyufa za mitungi, na mimi nikamtengeneza kwa nta ya nyuki zake... na bega limeanza kuinama zaidi, nikichelewa atakunjika wote. Fikiri, Mhina. Nikimweka nyuma ya jiwe, kwenye mizinga, ndipo anapolala kweli, wanaye. Nikitupa kitu hiki chini nikakikanyaga, Rehani yuko nyuma, mlango una askari, watanipiga mpaka niseme, na nitasema, najijua, mimi si shujaa, nimesema yote haya bila hata kuguswa. Nikisema simjui, nilikwisha kusema jina, nilisema wiki iliyopita, wa mwisho atakuwa mjomba wangu Semboja, nitamtengeneza kwa heshima, na Bwana akasema nitamngoja, na kweli amemngoja. Hakuna mlango. Kila ninapogeuka nakuta kitu nilichokitengeneza mwenyewe kimesimama na mwiba mkononi, na laiti ningekuwa na huo mguu uliovunjika mimi nisiweze kutembea hata hatua moja, wasinifunge kamba, wasinitangulize...

Mguu. Ngoja. Mguu. Nani katika boma hili amewahi kumwona mjomba? Hakuna. Bwana anajua jina tu, Rehani anajua jina tu, wakimkuta njiani watamjuaje, na anachojulikana nacho Sindeni nzima, kitu cha kwanza mtu yeyote angesema, ni mguu, na sijausemea, hakuwa amekamilika, mguu wenyewe nimeutia asubuhi ya leo kitambaa kikiwa kimeufunika, Bwana hakutazama, kwa adabu yake ile ya kutega hakutazama, na Rehani... Rehani alikuwa akipenga kamasi, ameona au hakuona, sijui, hapo ndipo penye shimo, kama ameona nimekwisha, lakini Rehani kwake vijitu ni vijitu, tangu nimfinyange yeye mwenyewe hapendi kuvitazama. Na nta imelainika. Nikibonyeza kidogo kwa gumba, hivi, taratibu, kama ninavyomshika asianguke... waya unafuata, wayo unarudi ndani, goti linakaa, bega linapanda lenyewe, Mola wangu, mjomba amesimama wima, sijawahi kumwona amesimama wima tangu nilipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni mwake, ni mrefu kumbe, machozi yananilenga, yasinitoke sasa, jasho, litakuwa jasho.

Kwa hiyo huyu ni Semboja, bwana, mtu mrefu mwenye miguu mizima, mwepesi wa kukimbia, hivyo ndivyo nitakavyosema, na halali kwenye mizinga, analala upande wa machweo, kule kwenye miiba tulikokatazwa kupeleka mbuzi kwa sababu hakuna maji na njia zinazunguka zikarudi zilikotoka, na hatupiti njia ya mbuzi, bwana, wala kisimani, watakusikia, tunazunguka nyuma ya kilima kwa uwazi wa mbuga, ndiyo njia ya siri, naijua mimi, na kwenye uwazi wa mbuga vumbi la watu wenye viatu linaonekana toka mbali hata na Mbwana mwenye usingizi, ataamka, lazima aamke, ataona vumbi na atapuliza, na Bibi Tatu atautua mtungi, na mzee mmoja kiwete atatembea porini polepole na hata wakimkuta watampita, kiwete wa nini, wao wanamtafuta mrefu anayekimbia. Na kwenye miiba jua litapanda, maji yatakwisha kwenye vibuyu vyao, Bwana ataacha kupiga mluzi, na atanitazama. Naona atakavyonitazama. Kamba iko shingoni tayari, hawatakuwa na kazi ya kuitafuta... naogopa, naogopa, na Hajira atakuwa Korogwe kwa mama yake, mbali, hawatamkamata kwa ajili yangu, amejinasua mwenyewe na kuniachia nusu ya kazi, alijua, asante mke wangu, ukisikia usiseme nilikuwa mjinga na vijitu vyangu, au sema, sema tu, nilikuwa.

"Mhina!" Bwana ameacha mluzi. "Umelala? Huyu nani, na anakaa wapi?" na Rehani anasogea hatua moja, nasikia ngozi ya mkanda wake inalia na pua yake inapiga filimbi karibu na sikio langu, na mkono wangu uko pale pale juu ya mchanga, haujashuka, na mwanga wa dirishani uko pale pale juu ya jiwe lililopasuka kombo, na kabla sijafungua mdomo namtazama kwanza yule mdogo wa mbele, yule mwenye kofia na uzi shingoni, ambaye amekaa bubu siku zote hizi kwa sababu hakuna aliyemsemea, nami namsemea kimoyomoyo kama nilivyofundishwa, jina na ukoo na kazi, huyu ni Mhina, mpwa wa Semboja, njia zote za Sindeni anazijua tangu utoto, na kesho atapotea.